Mtoto kazaliwa kati ya Aprili na Agosti: aanze shule Septemba hii au asubiri? Maswali ninayoulizwa kila mwaka

Kila ikifika Novemba yanaanza. Kwenye grupu, kwenye harusi, hata nimesimama foleni ya nyama halali mtu ananigusa bega, "dada, mwanangu wa Julai, nimpeleke au nimwache kwanza?" Nimechoka kurudia voisi noti ileile ya dakika saba kwahiyo nimekaa nikaandika. Mimi si mwanasheria wala mwalimu, ni mama wa watoto wawili wa kiangazi hapa England, wa kwanza wa Juni nilimpeleka akiwa na miaka minne, wa pili wa Agosti nilimsubirisha na huyo wa pili ndo aliyenifundisha haya yote maana nilipigana kwelikweli.

Mtoto wa kiangazi ni yupi hasa?

Aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Aprili mpaka 31 Agosti. Mwaka wa shule huku unakata 1 Septemba mpaka 31 Agosti, kwahiyo mtoto wa 31 Agosti na jirani yake wa 1 Septemba wamepishana siku moja tu duniani lakini shule wanapishana mwaka mzima. Darasani sasa, wako wa Agosti ametimiza minne juzijuzi hapo, keki bado iko kwenye friji, na anakaa meza moja na mwenzie anayetimiza mitano wiki hiyohiyo. Kwa mtu wa miaka arobaini mwaka si kitu, kwa mtoto wa miaka minne ni robo ya maisha yake yote.

Kisheria ni lazima aanze lini?

Hapa ndo watu wengi wanachanganya vitu viwili. Kuna siku *anaruhusiwa* kuanza na kuna siku *analazimika*. Anaruhusiwa Septemba inayofuata baada ya kutimiza miaka minne, hapo anaingia risepsheni, yaani darasa la mwanzo kabisa kabla ya Mwaka wa 1. Kulazimika ni mwanzo wa muhula baada ya kufikia umri wa lazima, na umri wa lazima unahesabiwa kwa tarehe tatu, 31 Desemba, 31 Machi na 31 Agosti, ile inayofuata baada ya kutimiza mitano. Ukipiga hesabu kwa mtoto wa kiangazi inaangukia Septemba, mwaka mzima baada ya ile aliyoruhusiwa. Tuseme kazaliwa Julai 2023, anaruhusiwa Septemba 2027, analazimika Septemba 2028. Mtu wa kaunsili (halmashauri ya mtaa) akikwambia kwenye simu "ni lazima aanze na minne" hajui anachosema, muulize kwa upole akuoneshe imeandikwa wapi.

Kumbe! Basi si namwacha tu nyumbani mwaka mmoja halafu anaanza risepsheni na mitano?

Subiri subiri. Huu ndo mtego wenyewe na nimeona watu wazima wenye digrii zao wanaingia.

Ukimwacha tu bila makubaliano ya maandishi, akifika mitano shule haimpeleki risepsheni, inampeleka Mwaka wa 1, pamoja na wenzie wa umri wake ambao wameshamaliza risepsheni, wanajua sauti za herufi, wanajua wapi pa kutundika koti, wanajua mwalimu akipiga makofi mara tatu maana yake nini. Yaani mtoto uliyemwonea huruma kwa udogo wake umemrukisha darasa. Na juu ya hapo unakuta shule uliyoitaka imejaa, maana madarasa ya wadogo huku kikomo ni watoto 30 kwa mwalimu, nafasi za Mwaka wa 1 ni zile zilizobaki tu mtu akihama.

Kwahiyo swali lako usiliweke "aanze au asubiri". Liweke hivi: akisubiri, ataingia darasa gani, na nani kaniandikia hivyo?

Je ni haki yangu akubaliwe risepsheni na miaka mitano?

Haki yako ni kuomba. Kukubaliwa si haki. Mwaka 2015 waziri wa shule wa wakati ule, Nick Gibb, aliandika barua ya wazi akasema serikali inataka kubadilisha kanuni ili mtoto wa kiangazi aruhusiwe kuanza risepsheni na mitano mzazi akitaka, tukashangilia, na mpaka leo haki hiyo haijaingizwa. Iliyopo ni Kanuni za Udahili za 2021 (School Admissions Code), tafuta kifungu cha 2.18 mpaka 2.20 usome mwenyewe, ni vifupi tu. Inasema mzazi anaweza kuomba mtoto awekwe nje ya kundi la umri wake, na mwenye kuamua *lazima* aangalie huyo mtoto mwenyewe na maslahi yake, asikilize maoni ya mzazi, asikilize na mwalimu mkuu, na aeleze sababu. Haruhusiwi kukujibu "sisi huwa hatufanyi hivyo". Hiyo sentensi wanaipenda.

Nani anaamua, kaunsili au shule?

Inategemea shule ni ya aina gani. Shule za kaunsili za kawaida kaunsili ndo inaamua. Akademi, yaani shule ya serikali isiyo chini ya kaunsili, inaamua taasisi inayoiendesha. Shule nyingi za kanisa, bodi yao. Maana yake ukiwa na shule tatu kwenye fomu unaweza ukawa unaomba kwa watu watatu tofauti, mmoja akakubali wawili wakakataa, usidhani jibu la moja linafunga zote. Shule za kulipia wana yao, mnaongea tu.

Naanzaje? Nieleze kama mtu asiyejua kitu.

Anza mapema kuliko unavyodhani, mtoto akiwa na miaka mitatu na kitu. Septemba na Oktoba ndo shule zinafungua milango watu watembelee, nenda, na usiulize mambo ya sare peke yake, mwombe mwalimu mkuu dakika mbili umuulize "mtoto wa kiangazi akianza risepsheni na mitano, hapa mnalionaje?" Utamwona usoni hata kabla hajajibu. Kisha andika ombi lako la kuchelewesha, peleka kwa kila anayeamua, kwa imeili ili uwe na ushahidi. Hapohapo, na hili watu wanalisahau, jaza na fomu ya kawaida ya Septemba hii kabla ya tarehe 15 Januari kama vile anaenda. Kwanini? Kwa sababu ombi likikataliwa bado una nafasi mkononi. Majibu ya nafasi yanatoka 16 Aprili, na ombi lako linatakiwa lijibiwe kabla ya hapo. Wakikubali, unaifuta ile fomu, unaomba upya mwaka unaofuata ukiambatanisha ile barua ya kukubaliwa.

Angalia lakini, kukubaliwa kuchelewesha si kupewa nafasi. Mwaka unaofuata unapanga foleni kama wengine, umbali wa nyumba, ndugu yake yupo shuleni au hayupo, na kadhalika. Ila hawaruhusiwi kukushusha chini kwenye foleni eti kwa sababu mtoto ni mkubwa.

Kwenye barua niandike nini? Mimi Kiingereza changu cha kuungaunga.

Hata mimi. Barua yangu ya kwanza ilikuwa mbaya sana, nilijaza huruma, "he is my baby", "he is very small", kurasa mbili za machozi, ikakataliwa kwa mistari minne: shule inaweza kumhudumia ndani ya kundi lake la umri. Nikalia, nikanywa chai, nikaandika upya.

Ya pili niliandika mambo ya mtoto tu, moja moja. Wangu alizaliwa wiki tisa kabla ya siku zake, alitakiwa azaliwe mwishoni mwa Oktoba akaja Agosti, na kanuni zenyewe zinataja hili, kwamba mwamuzi aangalie kama mtoto angeangukia darasa la chini laiti asingezaliwa njiti. Sijui kwanini mara ya kwanza sikuliweka juu kabisa. Nikaambatanisha barua ya hospitali ya alipozaliwa, ripoti ya nasari kuhusu kuongea kwake na kucheza na wenzie, na mstari mmoja kutoka kwa mwalimu mkuu kwamba shule haina pingamizi. Nikaeleza na kitu kimoja ambacho naona kiliwagusa: sikuomba arukishwe darasa au apewe msaada maalum, niliomba aanzie mwanzo, risepsheni, kama wengine wote. Kurasa moja. Ilikubaliwa baada ya wiki tano.

Kama wako hakuzaliwa njiti na hana tatizo lolote la kiafya usitunge. Andika unachokiona: anachoka mchana na kulala, hajaweza kusema shida yake kwa mtu mgeni, bado anacheza peke yake pembeni, hospitali aliwahi kulazwa akapoteza miezi. Mwombe mtu wa nasari aandike naye anachokiona, maneno ya mtu anayekaa naye siku nzima yana uzito kuliko yetu akina mama.

Wamekataa. Naenda rufaa?

Rufaa ya kawaida hakuna kama wamekupa nafasi kwenye shule ileile ila darasa usilotaka. Unalalamika. Shule ya kaunsili unapitia malalamiko ya kaunsili, ikishindikana kuna Ombudsman, mchunguzi huru wa malalamiko ya serikali za mitaa. Akademi unapitia malalamiko ya shule, kisha wizara ya elimu. Unacholalamikia si "sijapenda jibu", unalalamikia *jinsi walivyoamua*: hawakuangalia mtoto, hawakuuliza mwalimu mkuu, hawakutoa sababu. Na hakuna anayekuzuia kuomba shule nyingine kwa mwamuzi mwingine.

Hakuna njia ya katikati?

Ipo na nadhani ndo inayowafaa wengi, sijui kwanini haisemwi. Unachukua nafasi ya risepsheni Septemba, lakini mtoto anaanza Januari, au hata mwanzo wa muhula wa mwisho baada ya Pasaka. Au anaanza Septemba ila anaenda nusu siku. Hayo mawili *ni* haki yako kabisa mpaka afikie umri wa lazima, huombi ruhusa, unawaarifu mkapanga. Wa kwanza wangu wa Juni nilimpeleka nusu siku mpaka Krismasi, anarudi saa sita anakula wali analala, Januari akaenda siku nzima hana habari. Shule ilinikunjia uso kidogo mwanzoni wakazoea.

Cha kuangalia tu, ukimwanzisha Aprili atakuta urafiki umeshafungwa, na Septemba anaenda Mwaka wa 1 na wenzie.

Nikimsubirisha masaa ya bure ya nasari yanaendelea?

Ndio. Masaa 15 kwa wiki, wiki 38 za mwaka, au 30 kama wazazi mnafanya kazi na mnatimiza masharti, yanaendelea mpaka aanze risepsheni au afikie umri wa lazima. Ila ongea na nasari mapema, wengine wamezoea watoto wote wa miaka minne wanaondoka Julai na nafasi ya wako wameshampa mtu. Na kama ulikuwa unategemea shule ndo ikupunguzie gharama ya malezi urudi kazini, basi piga hesabu ya mwaka mmoja zaidi kabisa na baba yake akiwepo, msije mkagombana mbele ya safari.

Mtoto wangu anaongea Kiswahili tu. Nimwache mwaka ajifunze Kiingereza kwanza?

Hapa nitasema ninavyoona mimi. Kiingereza peke yake si sababu. Mtoto wa miaka minne anayeongea Kiswahili vizuri, anakusimulia alichoota, anagombana na dada yake kwa sentensi ndefu, huyo lugha anayo, atabandika Kiingereza juu yake ndani ya miezi. Ukimweka nyumbani mwaka mzima na bibi na katuni za Kiswahili hicho Kiingereza atakitoa wapi? Na tafadhali sana msiache kumwongelesha Kiswahili eti kumwandaa, mnaanza kumwongelesha Kiingereza chetu hiki cha "come you eat", anakosa vyote viwili.

Tofauti ni mtoto ambaye hata Kiswahili chake kimechelewa, maneno machache, haelewi maagizo ya kwenu nyumbani. Huyo mpeleke kwa helthi visita (nesi wa watoto wadogo) au daktari sasa hivi, atazamwe kuongea na kusikia, iwe anaanza au anasubiri. Kusubiri bila msaada ni kusubiri tu. Na akishakuwa na mpango wa EHC, ule wa kisheria wa mtoto mwenye mahitaji maalum, njia yake ni nyingine, mambo yote yanapitia kwenye mpango huo.

Bado anajikojolea.

Wengi wanajikojolea, walimu wa risepsheni wanajua, weka suruali mbili kwenye begi. Si sababu ya kumsubirisha mwaka.

Mama mkwe anasema sisi tulianza na miaka saba na tukasoma vizuri, ni kweli?

Kweli kabisa, na kuna waliopimwa kwa sikio! Wenye umri wangu mnakumbuka, unapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, kama vidole havigusi sikio la kushoto rudi nyumbani uje mwakani. Hakuna cheti cha kuzaliwa, mkono ndo cheti. Tunacheka ila wazo lake lilikuwa kwamba mwili wa mtoto uangaliwe, si tarehe peke yake. Hata sasa Kenya mtoto wa miaka minne yuko PP1, yaani chekechea, gredi ya kwanza ni karibu na sita.

Ila mwambie mama mkwe hivi: risepsheni si darasa la kwanza la kwetu. Kuna mchanga, maji, vitalu, nguo za kuigiza, wanajifunza herufi ndani ya kucheza. Darasa la kukaa kitako kwa kweli ni Mwaka wa 1, na hapo ndo mtoto wa Agosti anaanza kuonekana mdogo, mwaka huohuo kuna mtihani wa kusoma sauti za herufi mwezi wa sita.

Utafiti unasemaje?

Watafiti wa Institute for Fiscal Studies walilichimba hili, ripoti yao kubwa ilitoka 2013. Kwa wastani watoto wa Agosti wanapata chini ya wa Septemba, pengo ni kubwa wakiwa wadogo, linapungua wanavyokua, lakini mpaka GCSE, mitihani ya miaka 16, bado lipo. Na sababu kubwa waliyoiona ni rahisi ajabu, kwamba siku ya mtihani wao ni wadogo, basi. Pia watoto wa Agosti wanabandikwa zaidi jina la kuwa na mahitaji maalum, na wengine kumbe shida ni umri tu.

Wastani lakini hauna sura. Wangu wa Juni alisoma vitabu kabla ya wenzie wa Oktoba. Mtoto wa jirani yangu, wa Septemba, anahangaika. Chukua utafiti kama sababu ya kumtazama mtoto kwa makini, usiuchukue kama ramli.

Sekondari je? Watamrudisha kwenye umri wake?

Wanaweza, na hili watu hawaambiwi. Ukienda sekondari mwamuzi mpya anaamua upya, kwahiyo Mwaka wa 5 ukifika anza kuuliza, fomu za sekondari mwisho ni 31 Oktoba mwanzoni mwa Mwaka wa 6. Hawatakiwi kumrukisha bila kuangalia maslahi yake, na mtoto aliyekaa na wenzie miaka saba una hoja nzuri, lakini tunza ile barua ya kwanza kama unavyotunza pasipoti. Jambo lingine, timu za mpira za mtaani zinapanga kwa tarehe ya kuzaliwa, anaweza kucheza na watoto wa darasa la juu yake. Wangu kwanza alinuna, sasa anajisifia.

Nikitaka kumpeleka Zanzibar katikati ya muhula nitapigwa faini?

Swali la kwetu hili! Faini za utoro ni kwa mtoto aliyefikia umri wa lazima. Wa kiangazi aliyeanza risepsheni na minne mwaka wote huo hajafikia, shule itakunja uso lakini faini hakuna. Uliyemsubirisha akaanza risepsheni na mitano, huyo ameshafikia, siku tano za shule bila ruhusa zinaweza kukuletea pauni 80 kila mzazi kwa kila mtoto, usipolipa ndani ya siku 21 inakuwa 160. Kata tiketi za likizo.

Tuko Scotland / Wales / Ireland ya Kaskazini.

Wales inafanana na haya ila kanuni zake zake. Scotland shule inaanza Agosti, na tangu 2023 mtoto yeyote ambaye hajatimiza mitano siku ya kuanza unaweza kumsubirisha na mwaka wa ziada wa nasari unalipiwa, wenzetu wamestarehe. Ireland ya Kaskazini sheria ya 2022 inaruhusu kusubirisha waliozaliwa Aprili mpaka 1 Julai.

Huyo wako wa Agosti hajuti? Watoto wenzie hawamcheki kuwa mkubwa?

Yuko Mwaka wa 3 sasa, ndo mkubwa wa darasa kwa siku kumi na kitu tu kumzidi mwenzie wa mwanzo wa Septemba, hakuna anayeona. Aliwahi kuniuliza mara moja kwanini binamu yake waliyelingana yuko darasa la juu, nikamwambia wewe ulikuwa na haraka ya kuzaliwa basi tukasubiri kidogo upumzike, akasema "oh" akaendelea na baiskeli. Kinachomuuma mpaka leo ni kingine kabisa, besdei yake iko katikati ya likizo na kila mwaka nusu ya marafiki wako Mombasa, Karachi au Hispania. Hilo hakuna kifungu cha kanuni kinachonisaidia, tunafanya sherehe Septemba.